Jenereta Huchaguliwa kwa Jerikeni

Mafuta yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia-1, karibu na Lokichar, mwezi wa Machi 2012. Juni 2018 malori yakaanza kuyabeba yakiwa ghafi kwenda Mombasa. Lakini petroli ninayotia kwenye jenereta hapa Lodwar hupakiwa Eldoret, hupitia Kitale na Kapenguria, hushuka Marich, hupita Kainuk, halafu hupita Lokichar penyewe, karibu na yale mafuta yetu, ndipo ifike kwangu. Kutoka hapa hadi Kakuma imebakiza kilomita 120 hivi za lami. Ikielekea Lokitaung au Kibish, mara nyingi husafiri ndani ya jerikeni, juu ya pikapu, katikati ya magunia ya unga na mbuzi waliofungwa miguu.

Naanza na petroli kwa sababu wateja wangu hawaanzi nayo. Kazi yangu ni kukodisha na kutengeneza jenereta ndogo, na safari nyingi naenda nazo mwenyewe: kliniki za kuhamahama, wapima barabara, watu wa mikutano ya hadhara, watafiti wa mifupa ya kale, na wageni wanaotaka kulala kwenye mahema pale Eliye Springs. Mtu akiingia dukani huuliza nguvu. "Mzee, nipe kubwa, isije ikatuaibisha mbele ya watu." Mimi humuuliza atalala huko usiku ngapi, na gari lake lina nafasi ya jerikeni ngapi. Wapo wanaodhani ninawadharau. Bado nauliza.

Mgeni hushangaa kwamba kaunti hii ya Turkana, ambayo imezungukwa na mitambo ya stima, ingali na soko kubwa hivi la jenereta. Bwawa la Turkwel lilianza kazi mwaka 1991, lina uwezo wa megawati 106, na waya zake zilielekezwa Lessos. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya upepo yenye megawati 310, iliyozinduliwa rasmi Julai 2019. Waya wake unatembea kilomita 428 hadi Suswa. Mji wa Lodwar kwa miaka mingi umewashwa na mashine za dizeli zilizo papa hapa mjini, baadaye zikaongezewa paneli za jua. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ilikua ikawa mji mkubwa bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Wafanyabiashara wa pale, Waethiopia wakiwa mbele, walinunua jenereta kubwa, wakasimamisha nguzo za miti na kuvuta waya kutoka duka hadi duka na nyumba hadi nyumba, mteja akilipa kwa idadi ya balbu na vyombo. Ukipita soko la Waethiopia Kakuma 1 jioni utaona waya zimesokotana juu ya kichwa chako, na kila waya una mwenyewe. Mwaka 2018 shirika la IFC la Benki ya Dunia lilikadiria kwamba uchumi wa Kakuma una thamani ya shilingi bilioni 6 hivi kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Maduka hayo lazima yapate stima mahali fulani, na pasipofika waya wa mtu ndipo jenereta ndogo inapoingia.

Sasa turudi kwa mteja. Daktari mmoja kijana alikuja akitaka ya kVA 5. Alikuwa anapeleka kliniki mbele ya Lokichoggio, siku tano, saa sita kila siku. Nikampa kalamu na kipande cha boksi.

"Daktari, andika kila kitu utakachochomeka."

Akaandika: kompyuta mbili za mapajani, wati 65 kila moja. Balbu nne za LED, wati 9. Darubini ya maabara, wati 30. Printa ndogo. Simu na tableti za timu, tuseme wati 60 zikichajiwa pamoja. Chanjo zilikuwa zinakwenda kwenye sanduku la baridi lenye vipande vya barafu, kwa hiyo friji hakuna.

"Na chai?"

"Chai tunapika kwa makaa, mzee."

"Hapo umejiokolea wati 2,000."

Tulipojumlisha hatukufika wati 300. Alicheka, kisha akakunja uso. Alikuwa ameazimia kubeba mashine ya kilo karibu 80, inayohitaji vijana wanne kuishusha, ili iwashe mzigo ambao Honda E300, jenereta ndogo ya kubeba mkononi iliyotoka Japani mwaka 1965, ilitengenezwa kuubeba.

Vitu vinavyokula stima ni vile vinavyotoa joto: birika ya stima, pasi, mashine ya kukausha nywele, jiko la koili. Birika moja hula kuliko kompyuta 30. Ukiviondoa hivyo kwenye orodha, kambi nyingi, za kazi au za starehe, hazivuki wati 500. Televisheni ya inchi 32 ni wati 50 hivi. Mashine ya kinyozi ni wati 15. Spika za mkutano wa kawaida wa kijijini zinaenda wati 200 au 300, na kelele yake inatosha kuwatoa watu ng'ambo ya laga, ule mto wa msimu.

Kuna kundi la pili linalodanganya, nalo ni vitu vyenye mota. Friji ndogo imeandikwa wati 100 nyuma yake, na ikishaanza kuzunguka kweli hula hizo. Lakini ile sekunde ya kuanza inaweza kudai mara tano au zaidi. Pampu ya maji ni vivyo hivyo, na grinda ya fundi wa vyuma nayo. Mwenye friji moja na jenereta ya wati 650 ataona balbu zikififia, atasikia injini ikikohoa, kisha breka itaruka au friji itabaki ikinguruma bila kuzunguka hadi koili zake ziungue. Kwa mtu wa namna hiyo sibishani. Anahitaji mashine kubwa zaidi, hata kama mzigo wake wa kawaida ni mdogo. Fundi wa kuchomelea naye ana dunia yake. Akitaka kuchoma vijiti vya milimita 2.5 siku nzima kwenye geti la shule, kVA 3 au 4 ndiyo mwanzo wake.

Kwenye jenereta mara nyingi huandikwa namba mbili. Ya kwanza, ile kubwa iliyoandikwa kwa rangi, ni nguvu ya kishindo, ambayo mashine inaweza kuitoa kwa muda mfupi tu. Ya pili, ndogo, huandikwa kwenye kibati pembeni: hiyo ndiyo nguvu ya kazi ya mfululizo, na hiyo ndiyo ya kununulia. Tena jina la mashine lisikuchanganye. Zile ndogo zinazoitwa 950, ukiinama ukasoma kibati chake, nyingi zimeandikwa wati 650. Na ukiona kVA badala ya kilowati, kwa mashine ndogo ni salama kuzidisha kwa 0.8. Halafu hakikisha imeandikwa volti 240 au 230 na Hz 50. Kuna zinazoletwa na watu kutoka Marekani, nzuri sana kwa macho, lakini zinatoa volti 120, Hz 60, na hapa kwetu hazina faida.

Rudi kwa jerikeni. Jenereta ya kawaida ni lazima injini yake izunguke mara 3,000 kwa dakika ili itoe Hz 50, iwe imebeba birika au imebeba balbu moja. Haijui kupumzika. Kwa hiyo kVA 5 ikiwashwa kwa ajili ya kompyuta mbili bado inakunywa lita moja na zaidi kila saa. Jenereta ya inveta inafanya kazi kwa njia nyingine: stima ya injini hugeuzwa kwanza kuwa ya mkondo mmoja, kisha saketi ya kielektroniki huitengeneza upya kuwa Hz 50 safi. Mzunguko wa injini haupangi tena Hz, na mzigo ukiwa mwepesi mashine hushusha kasi yenyewe. Chukua Honda EU22i, kwa kuwa ndiyo inayojulikana: kishindo kVA 2.2, kazi ya mfululizo 1.8, kilo 21, tangi la lita 3.6. Ikibeba robo ya uwezo wake inakaa karibu saa 8 kwa tangi moja. Ikijazwa mzigo wote inamaliza tangi kwa saa tatu na nusu hivi.

Kwa daktari wangu, saa 30 za kazi zilihitaji lita 14 kwa inveta. Jerikeni moja ya lita 20, na akiba ikabaki. Ile kVA 5 ingetaka jerikeni mbili zijae na isimuachie kitu cha kurudi nacho. Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita mjini Nairobi; bei za EPRA, mamlaka ya nishati, hubeba gharama ya usafiri, kwa hiyo sisi tulio mwisho wa barabara hulipa zaidi ya Nairobi. Na hiyo ni bei ya kituoni. Petroli ya chupa huko mbele bei yake ni mapatano yenu wawili, na mwenye chupa anajua huna pa kwenda.

Hesabu hiyo hiyo iliwahi kuangusha kitu kikubwa kuliko kliniki. Pale Kalokol, kando ya Ferguson's Gulf, Norway iligharimia kiwanda cha kugandisha samaki kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jengo zuri, mashine nzuri. Kugandisha samaki kwenye joto la Turkana kulidai nishati na maji safi kwa gharama ambayo samaki wenyewe hawakuweza kuilipa, na kazi ya kugandisha ikasimama muda mfupi tu baada ya kuanza. Maji ya ghuba nayo yakarudi nyuma. Jengo bado lipo, na wazee wa Kalokol watakuonyesha.

Kama mambo ni hivyo, mbona nisimwambie kila mtu anunue inveta? Kwa sababu ya Kakuma.

Kuna fundi mmoja pale, Mkongo kutoka Kivu, ana kibanda cha mabati na meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Nilimpelekea mashine mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, yenye injini ya cc 163, iliyokuwa inawaka ukivuta choki na kuzima ukiirudisha. Hakuuliza kitu. Alifunga koki ya mafuta, akafungua boliti mbili, akaitoa kabureta na kuimimina kwenye kikombe cha plastiki. Petroli ilitoka na rangi ya chai, na chini yake kulikuwa na mchanga mwembamba kama unga wa ndizi. Akatoa jeti, kale kamsumari ka shaba kenye tundu katikati, akakainua juani na kuchungulia.

"Papa, unaona mwangaza?"

Sikuuona. Akachukua kipande cha waya wa stima, akakimenya, akachomoa uzi mmoja wa shaba kati ya nyuzi zote, na kuupitisha tunduni taratibu. Hatumii sindano wala waya wa breki, kwa kuwa chuma hukwaruza shaba na tundu likipanuka kidogo tu mashine itakunywa petroli hadi mwisho wa maisha yake. Akapuliza. Akachungulia tena, akanipa. Safari hii niliuona mwangaza, nukta moja ndogo. Dakika kumi baadaye ilikuwa inanguruma.

Ya pili ilikuwa inveta ya bei nafuu. Injini ilikuwa inawaka vizuri, taa nyekundu inawaka, stima haitoki. Akaifungua, akatazama ile saketi iliyomiminiwa gundi nyeusi ikawa tofali moja, akafunga.

"Hii iko mzima kwa mwili, lakini kichwa imekufa. Hiyo kichwa haifunguki, papa. Ukuje na ingine."

Nyingine ilikuwa Nairobi, na bei yake ilikaribia nusu ya mashine. Kwa hiyo mimi huwagawa wateja. Anayekwenda na kompyuta, vifaa vya hospitali au kamera, na anayeweza kurudi Lodwar ndani ya wiki, namshauri achukue inveta ya jina linalojulikana, yenye wakala ndani ya Kenya. Anayekwenda kukaa miezi, mbali, na mzigo wake ni balbu, pampu na grinda, namshauri achukue ya kawaida ya kVA 2 au 2.5 yenye injini ya aina ya Honda GX160 au nakala zake za Kichina. Injini hizo ndizo zilizo kwenye pampu za maji za mashamba ya kando ya mto Turkwel, ndiyo maana plagi, gasketi, kabureta na kamba ya kuvutia zinapatikana Lodwar, zinapatikana Kakuma, na mara nyingine zinapatikana kwenye duka la mtu anayeuza sukari. Kelele yake ni kubwa na inakunywa, lakini haitakuacha gizani kwa kukosa kifaa cha shilingi 300.

Zile ndogo kabisa za kuchanganya oili na petroli siwawekei wateja wa safari. Ni nyepesi, ni rahisi kununua, na kwa kinyozi wa kando ya barabara zinatosha. Lakini zinataka kipimo cha kudumu, kwa kawaida mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, na huko porini watu hupima kwa jicho. Oili ikizidi plagi inajaa masizi. Ikipungua pistoni inang'ang'ania. Zaidi ya hayo stima yake huyumba, na chaja za siku hizi hazipendi kuyumbishwa.

Joto letu lina adabu zake. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hilo ni jema: injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo mashine hiyo hiyo ikiwa Kitale, kwenye mita 1,900, hupungukiwa na zaidi ya moja ya tano, na ikishuka kwetu hurudiwa na nguvu nyingi. Lakini kivuli chetu cha mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, na injini hizi hupozwa kwa hewa. Hewa yenyewe ikiwa moto, itapozwa na nini? Jenereta iwekwe kivulini, mgongo wake usielekee ukuta, na usiibebeshe zaidi ya robo tatu ya kile kibati kinachosema. Petroli nayo hupoteza ile sehemu yake nyepesi inayowasha haraka. Iliyokaa miezi miwili kwenye jerikeni juani hunuka kama rangi na huacha gundi kwenye kabureta. Ukimaliza kazi, funga koki ya mafuta na uiache mashine izime yenyewe kwa njaa. Hilo likizoeleka, nusu ya kazi ya yule Mkongo itakwisha, naye atanilaumu.

Vumbi ni jambo la kila siku. Upepo wa kusini-mashariki unaojipenyeza kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu, ule unaozungusha mitambo ya Loiyangalani, hupuliza hata usiku na kubeba mchanga. Filta ya hewa ya sponji itolewe kila jioni ya siku ya upepo, ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, idondoshewe oili na ikamuliwe. Hiyo oili ndiyo inayonasa vumbi. Sponji kavu inalipitisha. Wengi huosha na kurudisha ikiwa kavu, wakidhani wamefanya usafi.

Oili ya injini katika mashine hizi ni kidogo sana, lita 0.4 hadi 0.6 tu. Ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Mashine nyingi nzuri hujizima zenyewe oili ikipungua, na watu hunipigia simu wakisema imekufa. Huwaambia waiweke mahali tambarare na wachungulie kijiti. Ikiwa imeinama juu ya mchanga wa laga, kihisio chake hufikiri oili imekwisha.

Kuhusu moshi sina mzaha. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamshwi nayo. Jenereta isiwekwe ndani ya hema, wala kwenye kibaraza cha hema, wala ndani ya gari lenye mlango wazi, wala dukani mlango ukiwa nusu. Mita sita ni umbali wa chini, ekzosi ikielekea kule upepo unakokwenda. Pale Eliye wageni huitega vizuri saa ya magharibi, kisha usiku upepo unabadilika na moshi unarudi kwao. Mimi huizima kabla ya watu kulala. Anayetaka taa usiku wa manane atumie betri. Na tangi lisijazwe injini ikiwa moto, hata kama mechi imefika dakika ya 85.

Nimetaja betri, na hapa najikata riziki mwenyewe. Jua letu ni kali kiasi kwamba paneli ya wati 200 iliyotegwa vizuri inakupa karibu uniti moja ya stima kwa siku. Hizo ni simu za timu nzima, balbu za usiku na kompyuta moja. Sensa ya Agosti 2019, ya kwanza Kenya kufanywa kwa tableti, ilifika hadi kwenye maboma ya wafugaji, na tableti hazihitaji kVA. Kule Kalobeyei, makazi yaliyoanzishwa magharibi ya Kakuma kati ya 2015 na 2016, kampuni ya Renewvia ilijenga gridi ndogo ya jua, na waliounganishwa nayo hawaji kwangu kwa ajili ya taa. Kwa kambi ya familia ya usiku mbili, paneli na betri zinatosha na mtalala kwa utulivu. Ila betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la kupita nyuzi 45 hivi, na ndani ya gari lililofungwa hapa Lodwar saa nane mchana joto hupita hapo mapema. Betri ikae chini ya meza, kivulini, paneli pekee ndiyo ikae juani. Safari ndefu za kazi mimi huzipanga hivi: jua na betri kwa vitu vidogo vya kila saa, jenereta ndogo ya kuwashwa kwa muda wa saa mbili jioni kwa vile vizito na kujaza betri. Petroli inayookoka hivyo ni nyingi.

Ukienda dukani, nenda na mzigo wako. Kama ni grinda, beba grinda. Mwambie muuzaji atie oili na petroli, uivute mwenyewe, kwa mkono wako, ikiwa baridi. Mashine mpya inayohitaji mwanamume mmoja mwenye misuli na matusi mengi itakuwa hivyo hivyo mbele ya watu. Chomeka grinda ghafla na usikilize: injini nzuri hushtuka mara moja, kisha hurudi kwenye sauti yake. Uliza kama koili ni za shaba au za alumini. Asipojua, inyanyue: kati ya mashine mbili za namba moja, ile nyepesi sana mara nyingi ndiyo ya alumini, na hupata moto haraka. Soma kibati chote. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango, na uwe macho na majina yaliyobadilishwa herufi moja na rangi nyekundu ya kuigiza. Kabla ya kulipa, tenganisha bei ya mashine na bei ya vitu vya safari: plagi mbili na spana yake, filta moja, kamba ya kuvutia, kipande cha mpira wa mafuta, lita moja ya oili. Mwambie aviweke vyote mezani mbele yako. Muuzaji asiyekuwa na plagi ya mashine anayoiuza leo hatakuwa nayo mwezi wa tatu, kwa hiyo shukuru, toka, uingie duka linalofuata.